Naomba kumjua Louis Moholo, mpiga dramu wa jazi kutoka Sauzi. Mbona kama hahesabu?

KikiNaSneya:
Wakuu habari za mida hii. Mimi napiga dramu kanisani huku Tabata na wikiendi huwa naitwa kwenye bendi ya harusi, kwahiyo maisha yangu yote ni moja mbili tatu nne, ukitoka nje ya hesabu kidogo tu mwalimu wa kwaya anakukata jicho mpaka basi. Sasa juzi YouTube imeniletea bila kuomba albamu moja ya zamani inaitwa Spirits Rejoice!, imeandikwa Louis Moholo Octet, 1978. Nikajua ni ile jazi ya hotelini, ya taratibu, watu wanakunywa juisi. Weee. Wapuliza tarumbeta wanashika kama pambio hivi, linarudi, linarudi tena, halafu chini yake jamaa anachemsha matoazi na sneya (ile ngoma ndogo yenye nyuzi chini), mimi natafuta moja, pigo la kwanza la hesabu, iko wapi siioni, lakini cha ajabu hakuna anayepotea, wote wanafika pamoja. Nimerudia mpaka bando likakata.

Sasa maswali. Huyu mzee ni nani, katokea wapi, alifundishwa na nani, bado yupo? Na alikuwa anakula kwa muziki huu kweli au alikuwa na kazi nyingine pembeni, maana kwa upigaji ule sioni harusi ya kumuita.

Wajuzi tafadhali.

Mchawi_wa_Besi:
Ngoja waje wajuzi 😂😂 naweka kiti hapa

SanturiZaBaba:
Mkuu umeangukia pazuri sana. Ngoja nikupe kwa kirefu, nina muda leo.

Louis Moholo, baadae alijiita Moholo-Moholo, alizaliwa tarehe 10 Machi 1940 Cape Town, akakulia Langa, kile kitongoji serikali ya wazungu ilichowatengea watu weusi pembeni ya mji. Chuo cha muziki hakuna, mwalimu wa maana hakuna, dramu alijifunza kwa kusikiliza na kuangalia wakubwa. Aliyemtia wazimu ni Sid Catlett, yule Mmarekani aliyewahi kumpigia Louis Armstrong, alimsikia kwenye rekodi tu huko huko kitongojini. Kabla hajafika miaka 20 tayari alikuwa kwenye bendi kubwa ya vijana wa Cape Town inaitwa Cordettes.

Halafu ndio likaja kundi lililombadilisha maisha, Blue Notes. Chris McGregor kwenye piano, Dudu Pukwana saksafoni alto, Nikele Moyake saksafoni tenor, Mongezi Feza tarumbeta, Johnny Dyani besi, Moholo dramu. Watano weusi, McGregor mzungu, ila mzungu aliyekulia Transkei maana baba yake alikuwa mwalimu kwenye shule ya misheni, kwahiyo nyimbo za Wakhosa alizisikia tangu mtoto. Sasa piga picha hiyo bendi mwaka 1963 chini ya makaburu. Sheria inasema mweusi na mzungu wasikae pamoja, wasinywe pamoja, mzungu kuingia kitongojini lazima awe na kibali, mweusi kutembea mjini usiku lazima awe na pasi. Hawa wako sita jukwaa moja. Yaani kila shoo kwao ilikuwa ni kosa la jinai linalosubiri askari aamke vizuri tu.

Julai 1964 wakapata mwaliko wa tamasha la jazi la Antibes, kusini mwa Ufaransa. Wakaondoka, na ndio ikawa imetoka hiyo. Feza na Dyani walikuwa hawajafika hata miaka 20. Kutoka Ufaransa wakaenda Uswisi, Zürich, ambako Abdullah Ibrahim, mpiga piano wa Cape Town (enzi hizo anaitwa Dollar Brand), alishatangulia na akawasaidia kupata pa kupiga, 1965 wakaingia London. Moyake hakukaa, alirudi nyumbani na akafariki muda mfupi baadae. Hao watano waliobaki ndio waliokuja kuwatikisa Waingereza.

London ile ya mwaka 1966 Ronnie Scott alikuwa amehamisha klabu yake ya jazi kwenda jengo jipya, lile la zamani la mtaa wa Gerrard akawaachia vijana walitumie mpaka mkataba wa pango uishe, likawa linaitwa Old Place. Blue Notes walipiga sana pale. Vijana wa kiingereza walikuwa wanapiga jazi kwa adabu, unajua tena, wamevaa tai, wamesoma noti. Wakaja hawa na marabi na kwela, zile dansi za vitongoji vya Sauzi, na nyimbo za kanisani kwao, na bibopu, ile jazi ya kasi ya Wamarekani, vyote vimechanganywa na vinapigwa kama hakuna kesho. Hapo ndipo jina la Moholo lilipoanza kutajwa.

Naendelea baadae, mama watoto ananiita.

Nairobi_Low_End:
Wasee mimi nitasema ukweli, hii jazi huru, hii haina hesabu ya wazi, ni kelele. Nilijaribu kusikiza, dakika tano tu kichwa ikaanza kuuma. Mtu akishindwa kukeep taimu anasema ni "avant-garde". Mpeleke huyo mzee apige Luo benga aone kama wateja hawatamtupia chupa. Dramu kazi yake ni moja, kushikilia wengine wasianguke. Nimemaliza.

Fimbo_Mbili:
@Nairobi_Low_End bro hapo umeingia kichwa kichwa. Mimi napiga na nafundisha, wacha nieleze kwa lugha ya wapiga dramu maana naona hata mleta mada hicho ndicho anachouliza.

Jazi ya kawaida, mkono wa kulia uko kwenye toazi kubwa unapiga ting, tin-ti-ting, tin-ti-ting, mguu wa kushoto unafunga hai-hati kwenye mbili na nne, kiki (ngoma kubwa ya mguu) inagusa gusa, sneya inachokoza. Hiyo ndio ramani. Max Roach na Art Blakey, wapiga dramu wakubwa wa Marekani, walikuwa wanaichezea hiyo ramani lakini ramani ipo. Elvin Jones, mpiga dramu mwenzao, akiwa na John Coltrane wa saksafoni kuanzia 1960 akaanza kuivuruga, ile ting-tin-ti-ting anaivunja anaisambaza mikono miwili na miguu miwili kwa tatu tatu, unasikia duara badala ya mstari. Moholo amelipokea hilo duara halafu akatoa hata nguzo ya katikati.

Lakini sio kwamba hana taimu. Sikiliza vizuri. Ukitaka kumuelewa mfikirie konda wa daladala anayegonga bodi. Konda haendeshi gari, hahesabu kilomita, ila kila mtu ndani anajua sasa tunaondoka, sasa tunapunguza, sasa kuna mtu anashuka. Moholo anafanya hivyo kwa sneya. Anakokota roli ndefu, yaani mapigo ya haraka mfululizo, inayopanda, wapulizaji wanajua hapa tunasukumwa, akikata ghafla na toazi moja kila mtu ameshafika. Mapigo yapo, ila ni marefu, moja yake inaweza kuchukua nafasi ya baa nne za kwako.

Na kuhusu huo wimbo ulioshika mleta mada, ule wa pambio, naamini ni You Ain't Gonna Know Me 'Cos You Think You Know Me. Sio wa Moholo huo, alitunga Mongezi Feza. Melodi yake ni fupi mno, mtoto wa shule ya jumapili anaweza kuishika. Sasa angalia walichofanya, wapulizaji wanne, Evan Parker saksafoni, Kenny Wheeler tarumbeta, Nick Evans na Radu Malfatti tromboni, wao ndio wanashika taimu! Wanarudia melodi bila kubadilisha sana, polepole, kwahiyo kazi ya kushikilia imehamia kwao, na dramu imeachwa huru kufanya kile ambacho kwa kawaida mwimbaji anafanya, kulia, kushangilia, kuita. Kageuza viti. Na chini kuna besi MBILI, Johnny Dyani na Harry Miller, na Keith Tippett kwenye piano. Ndio maana hupotei hata kama moja huioni.

Benga ni muziki mkubwa naiheshimu, lakini usimlaumu fundi cherehani kwa sababu hajajenga nyumba.

Nairobi_Low_End:
Sawa bro nimekuskia. Nitaipatia chance ingine na hedifoni poa. Lakini ile ya konda nimeipenda sana, kwetu wanagonga matatu na sarafu.

KikiNaSneya:
Daah @Fimbo_Mbili umenifungua macho, kwahiyo wapulizaji wanashika kibao na dramu inaimba. Kesho nikijaribu kanisani nitafukuzwa lakini nimeelewa. @SanturiZaBaba rudi mkuu, na lile la hela halijajibiwa, alikuwa anaishije?

Mbongo_Ughaibuni:
La hela niachieni mimi kidogo maana nimeishi Uingereza miaka mingi na stori za hawa jamaa nimezifuatilia.

Hela ilikuwa ya kuunga unga. Kwanza chama cha wanamuziki cha Uingereza kipindi hicho kilikuwa na masharti magumu kwa mgeni anayetaka kupiga, kwahiyo mwanzoni kazi rasmi zilikuwa za shida. Pili muziki wenyewe haukuwa wa kujaza ukumbi. Mwaka 1966 Moholo na Dyani wakachukuliwa na Steve Lacy, Mmarekani wa saksafoni soprano, pamoja na Enrico Rava mpiga tarumbeta wa Italia, wakaenda Argentina, Buenos Aires. Tiketi za kwenda zipo, za kurudi hazipo. Na wamefika mwaka ambao jeshi limepindua serikali huko, Jenerali Onganía, nani ana habari ya kusikiliza jazi huru. Wakakwama miezi kadhaa, vibarua haba, wanaishi kwa kubangaiza. Ila humo humo wakarekodi albamu moja, Oktoba 1966, The Forest and the Zoo, nyimbo mbili tu, upande mmoja wa santuri wimbo mmoja, upande wa pili mwingine. Leo watu wanaitafuta kwa bei mbaya.

Sasa fikiria huyu ni mtu ambaye nyumbani kwao hawezi kurudi, wameshajulikana, na bendi yenyewe ni ushahidi kwamba wamevunja sheria. Mwanamuziki wa kawaida akikwama ugenini anapiga simu nyumbani atumiwe nauli. Yeye nyumbani ndio kwa makaburu.

Kilichowasaidia baadae ni kusaidiana. McGregor mwaka 1970 akaunda bendi kubwa, Brotherhood of Breath, wasauzi na waingereza wamechanganyika, yumo mpaka Harry Beckett mzaliwa wa Barbados. Moholo na Harry Miller ndio injini, dramu na besi. Halafu Harry Miller na mkewe Hazel wakaanzisha lebo yao wenyewe, Ogun, na santuri ya kwanza kabisa waliyotoa ilikuwa ya hiyo Brotherhood, shoo ya Willisau Uswisi ya 1973. Bila Ogun, Spirits Rejoice! usingeisikia, maana ndio walioitoa. Kampuni kubwa zisingegusa. Pembeni Moholo alikuwa anapiga na kila mtu Ulaya, Derek Bailey, Peter Brötzmann, Irène Schweizer yule mama wa Uswisi wa piano, Stan Tracey. Mpiga dramu anayekubali kazi nyingi ndio anakula, hiyo haijabadilika popote duniani.

Utajiri hakupata. Heshima ndio alipata, na kwa kuchelewa.

Msamvu_Boy:
Naomba nichomekee kitu kama mtu wa Morogoro. Sisi huku tumekua tukiwaona hawa Wasauzi wa uhamishoni, Mazimbu pale, lile eneo lilikuwa shamba la mkonge serikali ikawapa ANC, wakajenga shule yao mwaka 1978, ikaja kupewa jina la Solomon Mahlangu, yule kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Siku hizi ni kampasi ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine. Wazee wa huku watakwambia wale vijana jioni ni kuimba, yaani kuimba kwao ilikuwa kama kula. Na ANC walikuwa na kundi lao la sanaa, Amandla, lililokuwa linaongozwa na Jonas Gwangwa, mpiga tromboni wa jazi kabisa, aliyewahi kuwa bendi moja na Masekela na Abdullah Ibrahim.

Nasema hivi kwa sababu watu wanaposikia uhamishoni wanafikiria bunduki na hotuba tu. Nusu ya wapiga jazi wazuri wa Sauzi walikuwa nje, Makeba nje, Masekela nje, Gwangwa nje, Blue Notes nje. Makaburu walifukuza bendi nzima ya taifa.

SanturiZaBaba:
Nimerudi. @Msamvu_Boy umesema vizuri mno.

Sasa kuna sehemu ya maisha ya Moholo ambayo bila kuijua huwezi kuielewa dramu yake ya baada ya 1975. Desemba mwaka huo Mongezi Feza alifariki London, hospitalini, homa ya mapafu. Miaka 30. Mtunzi wa ule wimbo wako mleta mada. Tarehe 23 Desemba wenzake wanne walitoka kwenye ibada ya kumbukumbu yake wakaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mazoezi. McGregor, Pukwana, Dyani, Moholo. Hawakupanga wimbo, hawakukubaliana ufunguo, hawakuongea habari ya muziki kabisa, vinasa sauti vikawashwa wakaanza. Walipiga masaa. Ogun wakaitoa, Blue Notes for Mongezi.

Mimi nimeisikiliza hiyo, na sio ya kusikiliza ukiwa unaosha vyombo. Dyani anaongea humo ndani, anaita, kwa lugha ya kwao, kuna mahali wote wanaimba. Na Moholo... mtu angetegemea dramu ya msiba iwe ya chini, ya upole. Hapana. Kuna vipande anasukuma kama anagombana na mtu. Halafu anaacha, anabaki na vikengele vidogo na matoazi, na Pukwana anaingia na saksafoni iliyopasuka sauti. Kwa wale wa kwetu tuliozoea matanga yenye ngoma hilo halishangazi, kwetu msiba unapigiwa ngoma mpaka asubuhi. Wakosoaji wa Ulaya ndio walishangaa.

Basi na misiba ikaendelea. Harry Miller 1983, ajali ya gari Uholanzi. Johnny Dyani Oktoba 1986, Berlin Magharibi. Waliobaki watatu wakarekodi tena 1987, Blue Notes for Johnny. Halafu Mei 1990 McGregor akafa, Juni 1990 Pukwana naye akafa, wamepishana wiki chache tu, na Mandela ametoka jela Februari ya mwaka huo huo. Yaani wamekaa nje miaka 26 wanasubiri mlango ufunguliwe, umefunguka, wao wanaondoka. Moholo akabaki peke yake kwenye bendi ya watu sita.

Angeweza kuacha. Akaunda bendi yake Viva La Black, na 1993 akaipeleka Sauzi kuzunguka, kabla hata ya uchaguzi. 2004 serikali ikampa nishani ya Ikhamanga ya fedha. 2005 akarudi moja kwa moja, Langa ile ile aliyokulia. Tena hakustaafu, alikuwa anarudi Ulaya kupiga, na bendi yake ya mwisho mwisho inaitwa Five Blokes ina vijana akiwemo Shabaka Hutchings wa saksafoni, huyu ambaye watoto wa siku hizi wanamfahamu. Albamu yao Uplift the People ya 2018 ana miaka karibu 80 na bado anakimbiza watu wa umri wa wajukuu.

Alifariki Juni 13, 2025, Cape Town. Miaka 85. Kwahiyo mleta mada jibu la "bado yupo" ndio hilo, umemkosa kidogo tu.

Mchawi_wa_Besi:
Nilikuja na kiti nikajikuta nimenyamaza. Wapumzike wazee wetu.
Swali dogo, kwanini mtu kama huyu redioni kwetu hatumsikii kabisa? Masekela tunamjua, Makeba tunamjua, huyu hapana.

Mbongo_Ughaibuni:
Masekela na Makeba walikuwa na nyimbo, unaimba unatembea nayo, na walienda Marekani kwenye soko kubwa. Moholo alikuwa nyuma ya dramu, kwenye muziki usio na kiitikio, kwenye lebo ya mume na mke ya London. Na nyumbani walipokuwa wanamhitaji kumsikia hakuwepo, miaka arobaini. Watoto wa Langa wenyewe wengi walimjua alipozeeka.

KikiNaSneya:
Wakuu sina la kusema, hii mada naihifadhi. La mwisho, nataka kuanza kujifunza upigaji huu kidogo kidogo nyumbani, nianzie wapi? Nisikilize nini kwa mpangilio?

Fimbo_Mbili:
Anza na ulichokipenda, ule ule wimbo wa Feza. Kwanza usishike stiki. Imba melodi kwa mdomo mpaka iwe inajiendesha yenyewe. Halafu mkono wa kulia kwenye toazi, hakuna ting-tin-ti-ting, gusa tu pale unapovuta pumzi kwenye melodi. Wiki nzima hivyo. Ukizoea ongeza roli ya sneya, ianze chini kabisa ifike juu melodi inapoisha, sio kabla. Utaona ni ngumu kuliko kuhesabu, maana ukihesabu mashine inakusaidia, hapa unasaidiwa na masikio tu. Miguu iache kwanza, watu wengi wanaharibu kwa sababu mguu wa kushoto umeshazoea mbili na nne hauwezi kukaa kimya.

Za kusikiliza, tafuta Brotherhood of Breath ya Willisau, pale utamsikia akisukuma bendi kubwa na moja bado inaonekana onekana. Halafu Spirits Rejoice! yote. Halafu Blue Notes for Mongezi, siku ukiwa peke yako ndani.

Ipo na nyingine alipiga Berlin 1988 na Cecil Taylor, wawili tu, piano na dramu. Hiyo usiiguse mwaka huu, utauza dramu.

Nairobi_Low_End:
Nimetoka kuiskiza hiyo ya Cecil Taylor sasa hivi kwa ubishi. Kichwa imeuma tena 😂 lakini nimemaliza yote.